Kwa Nini Sauti za Mbali Huja Usiku

Mhariri wetu ametuomba mara mbili tuandike habari za kilabu cha redio tunachokisaidia hapa Uingereza, na mara mbili tumemjibu kuwa mambo yale ni ya waya na namba, hayana ladha ya kusomwa. Safari hii ya tatu tumekubali, kwani tumeona kuwa habari yenyewe si ya waya. Ni habari ya swali moja tuliloulizwa na watu wawili, miaka karibu thelathini baina yao, na mara zote mbili tukalijibu vibaya.

Tulizaliwa Unguja mwaka 1970, mtoto wa nne katika nyumba ya watoto saba. Marehemu baba yetu alikuwa fundi cherahani. Alikuwa na redio kubwa ya mbao, yenye kitambaa mbele na kitufe cha kuzungusha upande wa kulia, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Mchana redio ile ilishika stesheni za karibu tu, ya Unguja yenyewe na ya Dar es Salaam. Lakini usiku, baada ya sala ya isha, redio ile ile na waya ule ule vilifunguka. Baba akizungusha kitufe kidogo kidogo, zilikuja sauti za Kiarabu, za Kihindi, za lugha tusizozijua hata jina, zikipanda na kushuka kama mtu anayesema huku anatembea. Tulilala sauti zile zikiwa masikioni.

Mwaka 1995 tulirudi nyumbani na shahada ya uhandisi wa mawasiliano kutoka chuo kikuu cha Uingereza. Siku ya pili tu, baba alisimamisha cherahani akatuambia, "Mwanangu, sasa wewe umesoma. Hebu nieleze, kwa nini sauti za mbali huja usiku?"

Tukamweleza. Tulianza na tabaka za anga, tukaingia kwenye elektroni, maneno manne katika kila matano yakiwa ya Kiingereza. Tukachukua karatasi yake ya kukatia nguo tukaandika hisabati juu yake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Kisha akasema, "Haya, mwanangu." Akarudi kwenye cherahani yake. Hakutuuliza tena, na mwaka 2003 alifariki.

Sasa tuje kwenye kilabu. Kwa wasioijua, redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi wanaopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzao. Haikubaliki kuitumia kwa biashara wala kupigia watu muziki. Kila nchi ina herufi zake za mwanzo wa jina la kituo: Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Kongo 9Q, Burundi 9U, Rwanda 9X, Oman A4. Marehemu Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na leseni, na kituo chake kikiitwa A41AA, kwa hiyo wenzetu wa Muscat hawana haja ya kuelezwa sana kuwa mchezo huu si wa watoto.

Hapa Uingereza leseni ina ngazi tatu. Ya chini kabisa ina mtihani wa maswali 26, na anayepata 19 amefaulu. Tangu mwaka 2020, wakati wa korona, mtihani huo hufanywa hata nyumbani kwa kompyuta. Ndiyo sababu mwaka 2021 walitujia watu sita wanaosema Kiswahili. Walikuwa wamekaa ndani miezi mingi na kila mmoja alikuwa na lake. Kulikuwa na dada muuguzi, mzaliwa wa Tanga, anayefanya kazi zamu za usiku. Kijana wa Mombasa, dereva wa lori, na mkewe. Baba mmoja wa Bukavu na binti yake wa miaka 14. Na mzee wa Pemba, baharia mstaafu, ambaye sote tulimwita Ami. Wanakilabu wa Kiingereza waliwapokea vizuri, lakini masomo yaliwapita juu. Wakatuomba tuwafundishe kwa Kiswahili kila Jumapili alasiri.

Jumapili ya kwanza tulikuja na kompyuta na picha 42 za ukutani. Tulisema saa moja na nusu. Mwisho tukauliza kama kuna swali, na kimya kikawa kirefu hata tukasikia birika la chai likichemka jikoni. Ndipo Ami akanyanyua mkono.

"Mwanangu injinia, mimi nimekaa baharini miaka ishirini na saba. Mchana redio ya mezani haipati kitu, usiku yapata dunia nzima. Sababu yake nini?"

Tukarudi kwenye picha ya 31, yenye kanuni ya hisabati, tukaipitia tena herufi kwa herufi. Ami akatazama picha, akatutazama sisi, akasema, "Haya, mwanangu."

Hatukulala vizuri usiku ule. Sauti ilikuwa ya Ami lakini neno lilikuwa la baba, na maana yake sasa tuliijua. Maana yake si kuwa mtu ameelewa. Maana yake ni kuwa amekuonea huruma, hataki kukuaibisha mbele za watu.

Jumapili ya pili tuliacha kompyuta nyumbani. Tulianza na maneno, na hapo hapo tukagundua kuwa lugha yetu wenyewe ilikuwa imetutegea. Sote tunasema "masafa" kwa maana ya umbali. Redioni tunasema "masafa mafupi" na "masafa ya kati", na humo mnakusudiwa urefu wa wimbi. Na wahandisi nao wakisema "masafa" hukusudia idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Ami alikuwa amebabaishwa na neno hilo kwa miaka mingi: vipi masafa mafupi yafike mbali, na masafa ya kati yasifike? Alikuwa na haki ya kuuliza. Tukakubaliana darasani kwetu tuseme "urefu wa wimbi" pale tunapokusudia urefu, na "mitikisiko" pale tunapokusudia idadi, na "masafa" tuyaachie safari.

Halafu tukawapa hesabu moja tu. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi chukua 300, gawa kwa mitikisiko iliyohesabiwa kwa milioni, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Mitikisiko milioni moja kwa sekunde, wimbi mita 300. Hayo ndiyo mawimbi ya kati ya redio ya baba. Mitikisiko milioni 28 na nusu, wimbi mita kumi na nusu. Antena rahisi ni waya wa nusu ya wimbi, ukipunguzwa kidogo, uliokatwa katikati na kulishwa hapo kwa kebo. Kwa hiyo mita tano zinatosha. Yule dereva akasema, "Kumbe mita tano tu? Hiyo si ni kamba ya kuanikia nguo!" Tukamwambia ndiyo, ila asiinyooshe karibu na nyaya za umeme wa mtaani hata kama mahali hapo ndipo pazuri kuliko pote, kwani waya ukianguka juu ya nyaya zile, hapatakuwa na wa kufanya mtihani.

Jambo lililotutesha sana ni lile la kulinganisha kebo na antena, ambalo vitabu hulieleza kwa ukurasa mzima wa alama. Dada muuguzi ndiye aliyetufungulia mlango bila kujua. Aliuliza, "Umeme ukishafika mwisho wa waya si umefika? Unarudije?" Tukamuuliza kama aliwahi kusimama Forodhani maji yakiwa yamejaa. Wimbi likipiga ukuta hurudi baharini, likakutana na linalokuja, na maji yakaruka-ruka mahali pamoja bila kwenda popote. Lakini nenda ufukwe wa mchanga unaoteremka polepole: wimbi hupanda, hulala, huisha, halirudi tena la maana. Antena isiyolingana na kebo ni ukuta. Iliyolingana ni mchanga. Kile kipimo kinachoitwa SWR kinatuambia tu wimbi kiasi gani linarudi. Likirudi nyingi, mtambo wa kurushia huumia. Ami alicheka. Akasema hilo angalitueleza yeye, laiti tungalimuuliza.

Kisha zikaja desibeli, ambazo huwatisha watu bure. Tuliwapa sheria mbili: ukiongeza desibeli tatu, nguvu imekuwa mara mbili, ukiongeza kumi, imekuwa mara kumi. Basi. Halafu tukawapa mfano wa kweli. Mtambo wa anayeanza wakati ule uliruhusiwa wati 10. Upande wa pili, ishara nzuri ambayo mita ya redio huisoma "tisa" ni desibeli 113 chini ya hizo wati 10. Tukawaambia wahesabu. Kumi mara kumi na moja, na tatu moja. Binti wa Bukavu ndiye aliyemaliza kwanza: moja na masufuri kumi na moja, ni bilioni mia, mara mbili, bilioni mia mbili. Yaani kinachofika ni fungu moja katika mafungu bilioni 200 ya kilichotoka, na bado watu wanasikilizana vizuri. Baba yake alirudia namba ile mara mbili kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeambiwa habari ya jamaa.

Tulikuwa sasa tumejipa moyo, tukaona ni wakati wa kulijibu swali la Ami. Tukasema: juu angani, kiasi cha kilomita 300, kuna kitu mfano wa bati la paa, wimbi huligonga likarudi chini mbali. Usiku bati hubaki, ila chini yake mchana pana kama moshi unaomeza mawimbi. Tuliridhika nafsi zetu. Binti akanyanyua mkono.

"Kama ni bati, mbona satelaiti zinatusikia? Mawimbi yanapitaje?"

Kwa hakika alitukamata. Tulikuwa tumerahisisha hata tukasema uongo. Tulimwambia ukweli, kuwa tutamjibu Jumapili ijayo, na wiki nzima tulilibeba swali lake kazini na barabarani. Shahada tulikuwa nayo, hisabati tulikuwa nayo, lakini tulitambua kuwa hatukuwahi hata siku moja kujieleza sisi wenyewe jambo lile kwa lugha ya mama yetu.

Jibu tulilolipata ni hili, na tunaliandika hapa kamili. Jua likipiga hewa ya juu sana, huzing'oa chembe ndogo zinazoitwa elektroni kutoka kwenye atomu zake, zikawa zinazurura. Wimbi la redio likipita, elektroni hizo hutikisika nalo, kama watu wanaoicheza ngoma. Ngoma ikienda kwa kiasi, wachezaji huifuata, na kwa kucheza kwao huirusha tena upande wa chini. Ngoma ikienda mbio kuliko wanavyoweza, nao wakiwa wachache, basi huwapita, ikaenda zake nje ya dunia. Ndiyo maana mawimbi ya satelaiti, yenye mitikisiko mingi sana, hupenya. Si bati. Ni umati wa watu, na umati hutegemea jua limeamkaje.

Huko juu hewa ni nyembamba, wachezaji wana nafasi. Lakini chini zaidi, baina ya kilomita 60 na 90, hewa ni nzito. Mchana jua huzing'oa elektroni huko pia, ila zinacheza katika chumba kilichojaa viti. Kila zikitikisika zinagongana na hewa, na nguvu ya wimbi inaishia kuwa joto. Mawimbi ya mitikisiko michache, kama ya kati, huzitikisa kwa upana zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayomezwa zaidi. Ndiyo sababu redio ya baba mchana ilisikia ya jirani tu, yale yanayotambaa ardhini.

Magharibi jua likizama, watoto huitwa nyumbani. Katika tabaka la chini nyumba ziko karibu karibu: elektroni hurudi kwenye atomu kwa muda mfupi tu, chumba kikawa kitupu, kisimeze tena kitu. Katika tabaka la juu nyumba ziko mbali mbali. Elektroni nyingi hazikutani na mwenyeji, zikakesha zikizurura mpaka alfajiri. Kwa hiyo wimbi hupanda bila kizuizi, hukuta wachezaji juu, hurudishwa chini maelfu ya kilomita mbali. Ndiyo maana sauti za mbali huja usiku.

Tulipomaliza, Ami hakusema haya. Alikaa kimya, kisha akaanza kuuliza. Na mwezi uliopungua je? Na mvua? Na mbona asubuhi hupotea ghafla? Aliuliza maswali saba mfululizo, mengine hatukuyaweza, na chai ikapoa. Tulirudi nyumbani jioni ile tukiendesha gari polepole, tukiwa na furaha iliyochanganyika na kitu kingine ambacho msomaji atakifahamu.

Mtihani ni wa Kiingereza, na hilo hatukuweza kulibadilisha. Kwanza tulielewa kwa Kiswahili, kisha tukajifunza majina ya Kiingereza kama mtu anavyojifunza majina ya mitaa ya mji ambao ameshautembea. Watano walifaulu mara ya kwanza. Ami alipata 17, akakosa kwa mawili. Alisema haidhuru, kuna bandari ambazo huingii mpaka maji yajae. Baada ya miezi miwili alirudi tena akapata 22.

Antena yake ilikuwa ule ule waya wa mita tano, umefungwa baina ya dirisha la ghorofa na mti wa tufaha. Miaka ile ilikuwa mizuri. Jua lina mzunguko wake wa kiasi cha miaka 11, na lilikuwa likipanda kuelekea kilele kilichofika mwaka 2024. Wachezaji wa juu walikuwa wengi kiasi cha kuirusha hata ngoma ya mitikisiko milioni 28. Alasiri moja ya Novemba 2023 tulikuwa kwake. Ami aliita kwa sauti ya baharia, akitaja herufi za kituo chake moja moja. Mara ya tano au ya sita, katikati ya ukungu wa sauti, akajibiwa na kituo cha 5Z. Kenya. Wakapeana vipimo kwa Kiingereza kama ilivyo desturi, kisha Ami akashindwa kujizuia.

"Mwanangu, huko hali ya hewa vipi?"

"Shikamoo mzee. Mvua, mzee. Vuli ya mwaka huu imekuja na nguvu, barabara zimekatika."

"Marahaba. Poleni sana, mwanangu. Poleni."

Hayo tu. Dakika mbili baadaye sauti ilizama. Wati 10 na waya wa kuanikia nguo, kwa mwendo wa maelfu ya kilomita, na alichokipata mzee wetu ni habari ya mvua ya vuli. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

Kisha akatugeukia. "Lakini, mwanangu, hii imekuja mchana. Si tulisema usiku?"

Tulifungua kinywa tujibu. Akatuzuia kwa mkono. "Ngoja. Hii ngoma yake ya haraka. Kile chumba chenye viti, hii yapita, haiwatikisi sana. Na juu, jua la mwaka huu ni kali, wachezaji wamejaa mchana kuliko usiku. Ndiyo mchana wake. Nimekosea?"

Hakukosea hata neno moja. Usiku huo huo mawimbi yale ya milioni 28 yalikufa, kama alivyosema, kwani wachezaji walipungua wasiiweze tena ngoma ya mbio.

Februari 2024 sheria ya hapa ilibadilishwa, na walio ngazi ya kwanza wakaruhusiwa wati 25 badala ya 10. Wanafunzi wetu walishangilia, dereva akataka anunue mtambo mpya siku hiyo hiyo. Tukawauliza: kutoka 10 hadi 25 ni desibeli ngapi? Wakahesabu: ni nne tu. Na hatua moja ya mita ya redio ni sita. Yaani aliye upande wa pili hataona sindano ikipanda hata hatua moja. Dereva akaacha kununua mtambo, akaenda kununua mlingoti. Tunalihesabu hilo kuwa faida ya masomo yetu.

Siku hizi Jumapili zetu zinaendelea, na binti wa Bukavu, ambaye sasa ni msichana mkubwa, ndiye anayefundisha desibeli. Sisi tumebaki na somo la anga. Kila tunapofika pale pa watoto kuitwa nyumbani magharibi, hutujia karatasi ya kukatia nguo, na hisabati yetu juu yake kwa kalamu ya risasi, na baba akiikunja vizuri baada ya sisi kuondoka, kwani karatasi ile ilikuwa na kiolezo cha koti la mtu. Koti lilishonwa. Jibu la swali lake ndilo hilo tuliloliandika hapo juu, aya tatu, wala halikuhitaji hisabati.